Plei ya stelingi ni nini, na kwa gari kuukuu inatoka wapi

Plei ni ile nafasi ambayo usukani unazunguka na tairi bado hazijageuka. Simamisha gari pahali tambarare, tairi zimenyooka, injini inawaka, halafu cheza usukani kidogo kushoto na kulia, utaona kuna kipande mkono waenda tu na tairi zimetulia. Hiyo ndo plei. Kila gari inayo kidogo hata ikiwa mpya, Toyota nyingi ndogo kitabu chake kinaruhusu mpaka milimita 30 ukipima kwenye ukingo wa usukani. Ikipita hapo gari inaanza kutangatanga, uko barabara ya Malindi malori yanakuja mbele yako na wewe wairudisha rudisha njiani, mpaka unafika Mtwapa mabega yashachoka.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba plei haikai pahali pamoja. Kutoka mikononi mwako mpaka kwenye tairi kuna shafti, kuna krosi ya shafti (kiungo kinachoiruhusu kupinda), kuna reki (chuma chenye meno kinachosukuma tairi kushoto na kulia), halafu reki endi (kiungo cha ndani mwisho wa reki), halafu tairodi endi (kiungo cha nje) ndo inashika tairi, na hapo hapo kuna boli joint (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshikanisha tairi na mkono wa chini), beringi ya tairi na bushi (mipira) za mkono wa chini. Gari ikishatembea kilomita laki 3 kila mmoja wa hao amelegea kidogo, na wewe juu kwenye usukani unasikia jumla yao wote. Ndo manake mtu anabadilisha reki nzima, pesa imeenda, na gari bado inatangatanga vile vile. Mimi naona reki iwe ya mwisho kushukiwa, anza na vitu vya bei rahisi vilivyo huko nje kwenye tairi manake hivyo ndo vinapigwa na mashimo na maji.

Na hapa Mombasa maji yenyewe ni ya chumvi. Gari inayovuka feri Likoni kila siku inapita pale kwenye mteremko maji ya bahari yamelowesha, na hata isiyovuka, hewa yetu tu yatosha. Ule mpira mweusi unaofunika tairodi ukipasuka grisi inatoka, chumvi na mchanga vinaingia, basi hiyo joint haina maisha. Kwa hiyo ukichungulia chini angalia mipira kwanza kabla hata hujashika spana.

Kuitafuta plei kunahitaji watu wawili. Gari iwe kwenye shimo la gereji, imekanyaga chini kwa tairi zake, injini imezimwa, mmoja anachezesha usukani kidogo kidogo na mwengine yuko chini anafuata kuanzia shafti mpaka tairi. Unatafuta pahali ambapo upande mmoja wa joint unasonga na upande wa pili umebaki. Usitegemee macho peke yake, weka kidole nusu juu ya tairodi endi na nusu juu ya chuma cha tairi kinachoshikana nayo, ikiwa nzima vyote viwili vinaenda pamoja, ikiwa imekufa utasikia tak tak ndani ya kidole, vyuma vinaachana halafu vinakutana. Ile tak huwezi kuikosa.

Kisha inua tairi kwa jeki, na uweke stendi tafadhali, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Tikisa tairi ukiishika kushoto na kulia, ikicheza mara nyingi ni tairodi au reki endi. Ikicheza ukiishika juu na chini, ni beringi au boli joint, na boli joint ndo ya kuogopa manake ikichomoka tairi inalala.

Kuna matatizo mengine watu wanayaita plei na si plei. Usukani kutetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, hiyo mara nyingi ni balansi, yaani uzito wa tairi hauko sawa pande zote. Gari kuvuta upande mmoja, pima upepo kwanza, halafu uangalie kama breki imeng'ang'ania. Usukani mzito, angalia oili ya pawa stelingi (ile inayosaidia kuzungusha usukani) na belti, na ikiwa ni mzito pahali pamoja tu ukizungusha, huenda krosi imeshika kutu.

Fundi akikwambia atakaza tu ile skrubu ya reki plei iishe, kataa. Reki inalika zaidi katikati kwa sababu muda mwingi twaenda moja kwa moja, ukiikaza mpaka katikati ipone, ukikata kona inabana na usukani haurudi wenyewe.

Tairodi mpya ikiwekwa hesabu mizunguko ya ile ya zamani ikitoka, uirudishe mpya hivyo hivyo, halafu ndo uende alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa tairi. Alaimenti kabla ya kubadilisha ni pesa ya bure, joint legevu haishiki vipimo. Na kabla hujatoka gerejini chungulia mwenyewe ile nati ya tairodi, kama ni ya kupitisha pini uone pini ipo na imekunjwa, si waya wala msumari.