Orodha ya "Vyuo Bora" Haimjui Mwanao

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ofisi za udahili za vyuo vya Moshi na Arusha hupokea wazazi wa aina mbili. Wapo wanaokuja kuuliza sifa za kujiunga. Na wapo wanaoingia na simu mkononi, wamefungua orodha ya "vyuo bora" iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wanataka tuwaeleze kwa nini chuo chetu hakimo kwenye kumi bora. Nawaandikia hawa wa pili. Malalamiko mengi yanayofika mezani kwangu kuanzia Novemba, mtoto anataka kuhama au ameacha masomo kimyakimya, ukiyafuatilia yanarudi kwenye orodha hiyo.

Mojawapo ya orodha zinazosambazwa sana ni ya Webometrics, iliyoanzishwa na maabara ya utafiti huko Madrid, Hispania. Alama zake nyingi zinatokana na uwepo wa chuo kwenye intaneti, yaani tovuti ngapi za nje zinakitaja, na tafiti za wahadhiri wake zinanukuliwa kiasi gani. Ni kipimo halali kwa kazi yake. Hakikuambii darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi, mashine za karakana zinawaka au zimefunikwa turubai, wala kama mhadhiri anapatikana mwanafunzi akikwama.

Vyuo vyetu vya huku ni mfano mzuri. Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, wanafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963, na sehemu ya masomo hufanyika porini. Kijana asiyependa kulala kwenye hema atateseka pale, hata akiwa na alama za juu. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza mwaka huohuo wa 1963 kama chuo cha ushirika, kikawa chuo kikuu 2014. Anayetaka kufanya kazi na AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) ana sababu ya kukitazama ambayo orodha ya Madrid haiijui. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, ambako mwanafunzi anajifunza umeme wa maji penye maji yenyewe. Sitaji chuo ninachofanyia kazi, maana hili si tangazo.

Suala la alama nalo linachosha kidogo. Mwombaji wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye D tatu ana pointi 6, nacho ndicho kiwango cha chini cha kuomba udaktari. Mzazi husikia "ana sifa" akaelewa "ana nafasi". Kiwango cha chini kinamruhusu kupanga foleni, na waliotangulia kwenye foleni hiyo wana A na B. Hakuna nafasi za pembeni. Hakuna "kumwona mkuu". Wakati huohuo kijana huyo angeweza kusoma shahada nyingine ya afya au ya kilimo akafanya vizuri. Na kabla ya hayo, kuna aliyemuuliza kama anautaka udaktari? Ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kwa vitendo hospitalini.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msomaji awe makini. Tangu 2017 maombi ya shahada hutumwa moja kwa moja chuoni, hayapitii tena mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwombaji anaweza kuomba vyuo kadhaa, akachaguliwa zaidi ya kimoja. Akichaguliwa hivyo, lazima athibitishe chuo kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa. Asipothibitisha, nafasi hupewa mwingine. Akithibitisha chuo kisha akabadili mawazo, anapaswa kwanza kufuta uthibitisho huo. Namba hiyo haipewi mjomba, wala kijana wa steshenari anayejaza fomu. Tumeshuhudia mwombaji akifika dirishani kumbe "ameshathibitisha" chuo asichokijua. Taarifa za uongo au cheti cha kughushi vinamfutia mtu udahili wakati wowote, hata akiwa mwaka wa mwisho, na kughushi ni kosa la jinai.

Kwa stashahada, hakikisha chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi unayoitaka haina ithibati.

Mwisho ni mkopo. Fedha za Bodi ya Mikopo ni deni. Aliyekopa akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe, na aliyeacha chuo mwaka wa kwanza kwa sababu kozi haikuwa yake anadaiwa kile alichokwisha kupokea. Akihama chuo, mkopo haumfuati wenyewe. Una taratibu zake za kuhamishwa, na zinachukua muda.

Mkija ofisini, njooni na kijana mwenyewe, akiwa na namba yake ya mtihani. Huwa tunaanza kwa kumuuliza yeye anataka kusoma nini, na tunamwomba mzazi asimjibie.