Maharamia wa Shimo la Tewa na jodari wa Bahari Hindi

Mwaka 2010 mteja akinipigia simu kuuliza niko wapi, jibu lilikuwa moja: gereza la Shimo la Tewa, Mombasa. Kazi yangu ni sheria za bahari, na kwa kawaida hiyo maana yake ni shehena iliyolowa, bima isiyolipwa na mabaharia waliotelekezwa Kilindini bila mishahara. Lakini Juni mwaka huo ilifunguliwa pale mahakama mpya ya kusikiliza kesi za uharamia, kwa fedha za wafadhili zilizopitia Umoja wa Mataifa, nami nikajikuta upande wa utetezi.

Nikizikumbuka siku zile naona ngazi. Ilikuwa kielelezo cha upande wa mashtaka: ngazi ya aluminiamu, ncha zake zimepindwa kulabu, imeegemezwa ukutani nyuma ya karani. Washtakiwa walisema wao ni wavuvi. Mwendesha mashtaka akauliza, mvuvi anapanda ngazi kwenda kuvua nini? Watu wakacheka, hata askari jela. Swali likatafsiriwa kwa Kisomali, jibu likarudi kwa Kiswahili, likaandikwa kwa Kiingereza: nyavu zetu zimekatwa na meli kubwa za kigeni, na wenye meli hizo wanashtakiwa chumba gani? Hakimu akasema hilo haliko mbele yake. Kisheria alikuwa sahihi kabisa. Wateja wangu wengi sikuwaamini, na uharamia uliiumiza Mombasa: bima ya shehena ilipanda, meli za watalii zikatukimbia. Lakini chumba kile nimekitafuta tangu siku hiyo.

Wengi huniuliza, kwani wale watu walifikaje Mombasa? Walikamatwa na manowari za Ulaya na Marekani, mamia ya maili kutoka pwani yetu, wakijaribu kuteka meli zisizo zetu. Ibara ya 105 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari inasema nchi yoyote inaweza kumkamata haramia katika bahari kuu, na mahakama za nchi iliyomkamata zinaweza kuamua adhabu yake. Basi aliyekamata ahukumu. Tatizo ni kwamba ukimfikisha haramia Ulaya, akimaliza kifungo anaweza kuomba hifadhi, na huwezi kumrudisha kwao. Septemba 2008 manowari ya Denmark, Absalon, iliwashusha washukiwa kumi kwenye ufuo wa Somalia na kuwaachia waende zao. Baadaye ikapatikana njia iliyo rahisi zaidi. Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya walikubaliana na Kenya kwamba washukiwa waletwe huku.

Angalia sasa meli ya Maersk Alabama. Ilitekwa Aprili 2009 ikiwa njiani kuja hapa hapa Mombasa na chakula cha msaada. Nahodha alikuwa Mmarekani. Mtekaji pekee aliyebaki hai hakuletwa Shimo la Tewa. Alipelekwa New York, akafungwa miaka 33 na miezi tisa. Kumbe inawezekana! Safari ya kwenda kushtakiwa ng'ambo huwa fupi pale aliyetekwa anapokuwa mtu wao.

Kwa nchi yetu, kuupokea mzigo huu kulitupasua kichwa. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba mahakama zetu hazina mamlaka juu ya matendo yaliyofanyika nje ya maji ya Kenya. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Wakati huo serikali ilikuwa imeshachoka, na tangu mwaka 2010 ilikuwa imeanza kujitoa kwenye makubaliano yale, ikilalamika kwamba imeachiwa mzigo peke yake.

Kuna karatasi moja ambayo huwapa wanafunzi wa sheria wanaokuja ofisini kwangu kujifunza kazi. Ni azimio namba 1816 la Baraza la Usalama, la Juni 2008. Liliziruhusu manowari za kigeni kuingia ndani ya maji ya Somalia kuwafuata maharamia, jambo ambalo kwa nchi nyingine yoyote lingeitwa uvamizi. Nawaambia wasome mpaka chini, kwenye aya inayosema ruhusa hii ni kwa Somalia peke yake na isihesabiwe kuwa imezaa desturi mpya ya sheria. Indonesia ndiyo iliyoshikilia hilo, na ilikuwa na haki, maana haikutaka kesho itumike kwenye maji yake. Serikali ya mpito ya Somalia ilikuwa imetoa idhini, hilo ni kweli, ila serikali yenyewe haikuwa na mashua ya kumfukuza mtu. Kuhusu uvuvi haramu na taka zenye sumu katika maji hayo hayo, maazimio ya baadaye yalisisitiza umuhimu wa kuchunguza madai. Mwizi wa meli aliletewa manowari, mwizi wa samaki akaandikiwa aya.

(Nasi tusijitie utakatifu. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipochora mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, tukapoteza sehemu kubwa ya tulichodai, Nairobi ilisema haiutambui uamuzi. Mkubwa wa mtaa naye ana mtaa wake.)

Chumba nilichokuwa nikikitafuta nilidhani nimekipata Februari 2023, katika ukumbi wa mikutano hapa Mombasa. Kamisheni ya Jodari ya Bahari Hindi, ambayo makao yake ni Victoria, Ushelisheli, ilikutana kwa kikao maalumu kuhusu vyelezo vya kuvutia samaki. Chelezo ni boya linaloachwa lielee, samaki wakusanyike chini yake, kisha meli kubwa ije kuwazungushia wavu. Pamoja na jodari wakubwa, wavu unazoa makinda ambao bado hawajazaa. Meli za Ulaya zina fungu kubwa la uvuvi huu, na wakati huo jodari wa mapezi ya njano alikuwa ameshatangazwa, mwaka 2015, kuwa anavuliwa kupita kiasi. Indonesia ikaleta pendekezo, likapigiwa kura, likapita: vyelezo vipumzishwe siku 72 kila mwaka.

Lakini mkataba wa kamisheni unampa kila mwanachama siku 120 za kuandika pingamizi, na akiandika, azimio halimbani. Umoja wa Ulaya uliandika. Baadhi ya nchi za ukanda huu nazo zikaandika, na hilo lina hadithi yake ya bandari na viwanda vya kusindika.

Umoja huo huo wa Ulaya una sheria, inayotumika tangu 2010, ya kuzipa nchi kadi za njano na nyekundu kwa kushindwa kudhibiti uvuvi haramu. Komoro ilipewa ya njano 2015 na nyekundu 2017, na kadi nyekundu maana yake samaki wako haingii soko la Ulaya. Makosa ya Komoro yalikuwepo, bendera yao ilikuwa ikikodishwa ovyo. Ila Komoro haina siku 120 za kupinga kadi, wala haina kadi ya kuitolea Brussels mfukoni mwake. Mkuki kwa nguruwe.

Nilimsimulia haya ami yangu, mvuvi wa Mji wa Kale, aliyekuwa amekaa barazani akishona wavu. Aliposikia siku 72 aliweka sindano chini.

"Zaanza lini?"

Nikamweleza habari ya pingamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mtu anaandikaje barua kama hiyo, kwa sababu juya lake, wavu wa kukokota hadi ufuoni, limepigwa marufuku tangu 2001 na hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na siku 120.