Je, wajua kwa nini testa huwasha taa zote nane na mtandao bado ukagoma?

Fundi kavuta waya kutoka kaunta mpaka chumba cha nyuma, kabana vichwa pande zote mbili, kachomeka testa, kile kidude cha kupimia waya. Taa zimehesabu moja mpaka nane bila kuruka. Kalipwa, kaondoka. Jioni mwenye steshenari anatuma faili la kurasa arobaini kwenye printa ya mtandao, linafika nusu na kukwama. Anapiga simu: "Fundi, mbona kazi yako inasinzia?" Fundi naye anaapa kwa testa yake. Ukizunguka maduka ya Chikongola au Ligula, Mtwara mjini, ubishi wa namna hii si mgeni, na uzuri wake ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Testa ya bei ndogo inajua kufanya jambo moja. Inapeleka umeme kidogo kwenye waya namba moja kati ya nyaya nane ndogo zilizo ndani ya kebo, inaangalia kama umetokea kwenye namba moja upande wa pili, kisha inaenda namba mbili, hivyo hivyo hadi nane. Kama kuna waya uliokatika au uliopishana na mwenzake, itakuonyesha. Lakini haijui kabisa waya upi umesokotwa na upi, na mtandao wa nyaya unategemea hicho hicho ambacho testa haikioni.

Chuna ganda la nje uone. Ndani kuna nyaya nane zilizo katika jozi nne: chungwa, kijani, bluu na kahawia, kila rangi na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Kila jozi imesokotwa peke yake. Ukitazama vizuri utaona hata msokoto wenyewe haulingani: jozi moja imekaza, nyingine imelegea. Wapo wanaodhani kiwanda kimelipua kazi. Sivyo, imefanywa kwa makusudi.

Jambo hili limeanzia kwenye simu, zamani kabla ya kompyuta. Simu za kwanza zilitumia waya mmoja juu ya nguzo, na ardhi ndiyo ilikuwa njia ya umeme kurudia. Njia hiyo ilizoa kila kelele iliyopita karibu: telegrafu, radi, baadaye na treni za umeme za mijini. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani ya kutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Ithaneti, yaani mtindo wa kuunganisha kompyuta kwa waya, iliyozaliwa katika maabara ya Xerox kule California mwaka 1973, ilianza kwa kebo nene ya aina nyingine kabisa. Mwaka 1990 ndipo kiwango cha kutumia nyaya za kusokota, kama za simu, kilipopitishwa rasmi, na ndicho kilichozaa hizi kebo tunazonunua leo.

Sasa, kusokota kunasaidia nini? Kwanza ujue kwamba kompyuta inayopokea haisomi waya mmoja. Inasoma tofauti kati ya nyaya mbili za jozi. Tuseme mmoja una volti 1 na mwenzake una hasi 1. Tofauti ni 2. Jirani akiwasha mota ya mashine ya kubangulia korosho, ikasukuma nusu volti ya kelele kwenye nyaya zote mbili, mmoja unakuwa 1.5 na mwingine hasi 0.5. Tofauti bado ni 2. Ni kama karani wa ghala mwenye mizani inayozidisha kilo mbili: akipima gunia lenye korosho, kisha akapima gunia tupu kwenye mizani hiyo hiyo na kutoa, zile kilo mbili za uongo zinajifuta zenyewe kwa sababu zimo katika vipimo vyote viwili.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu: kelele iziingie nyaya zote mbili sawasawa. Nyaya zikilala sambamba bila kusokotwa, ule ulio karibu na chanzo cha kelele utapokea zaidi, na tofauti itaharibika. Zikisokotwa zinapokezana nafasi kila baada ya sentimita chache au pungufu, hivyo mwisho wa safari kila mmoja umeonja kiasi kile kile. Na kwa nini msokoto wa jozi hizi nne haulingani? Kwa sababu adui mkubwa wa jozi hatoki nje, ni jozi jirani iliyo ndani ya ganda moja. Zingesokotwa kwa kipimo kimoja, waya ule ule wa jozi hii ungekaa karibu na waya ule ule wa jozi ile toka mwanzo hadi mwisho, na kelele isingejifuta.

Turudi kwa fundi wetu. Shika kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kinachobanwa mwisho wa waya, kilimi cha plastiki kikiwa nyuma na pini za dhahabu juu. Namba moja iko kushoto. Mtu asiyeambiwa atapanga rangi kwa jozi, kimoja baada ya kingine: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, kijani, mweupe-bluu, bluu, mweupe-kahawia, kahawia. Inapendeza macho, na akirudia mpangilio huo upande wa pili, testa itawasha taa zote nane. Shida ni kwamba kadi ya mtandao, ile sehemu ya kompyuta inayopokea waya, haijali rangi wala uzuri. Katika mtandao wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inatumia jozi mbili tu: pini 1 na 2, kisha pini 3 na 6. Kwa mpangilio huo, pini ya 3 ina mweupe-kijani na pini ya 6 ina bluu. Hawa hawajasokotwa pamoja hata kidogo. Kila mmoja amekumbatiana na waya ambao hauna kazi, na kelele inaingia kwa kila mmoja kivyake.

Mpangilio sahihi unaotumika sana, ule wa T568B, ni huu: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Kijani kimetanuka na kumweka bluu katikati. Unaonekana wa ajabu, lakini ni urithi wa simu za mezani: laini ya kwanza ya simu hukaa pini mbili za katikati, ya pili huizunguka. Watu wa kompyuta waliukuta, wakaurithi.

Lakini kama waya umekosewa, mbona unafanya kazi nusu nusu? Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Ile taa ya kijani kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, huwaka baada ya pande mbili kubadilishana mapigo machache ya pole pole, ambayo hata waya mbovu huyapitisha. Data yenyewe inakwenda kwa kasi kubwa mno kuliko hapo. Kila pakiti, yaani kifurushi cha data, hubeba hesabu ya kujihakiki; biti moja ikiharibika, kadi inaitupa pakiti nzima bila kusema neno, na kompyuta iliyotuma hulazimika kutuma tena. Kwa hiyo mtandao haufi. Unajikokota. Waya wa mita mbili unaweza usionyeshe dalili yoyote, wa mita thelathini ukakutoa jasho.

Kwa sababu hiyo hiyo, ping ya kawaida, ile amri ya kompyuta inayotuma pakiti kwa kifaa kingine na kusubiri jibu, inadanganya. Kwenye Windows hubeba baiti 32 tu, na pakiti ndogo ina nafasi nzuri ya kupita salama. Mpe mzigo. Andika ping -n 100 -l 1400 kisha anwani ya ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, mathalani 192.168.1.1. Hesabu zilizopotea. Kwenye waya wa mtandao mdogo, ruta ikiwa haijazidiwa, tegemea sifuri. Zikipotea tano au kumi, usiguse programu yoyote kwanza, badilisha waya. Ikipona, umempata mgonjwa.

Kuna dalili nyingine ambazo si za msokoto. Kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake haijapata jibu la kugawiwa anwani, na unaanza kwa kuangalia kama ruta imewaka na waya umeingia sawasawa. Kasi ikishuka kutoka gigabiti moja hadi megabiti 100, mara nyingi waya mmoja wa bluu au kahawia haukugusa pini, kwa kuwa gigabiti inahitaji jozi zote nne.

Kutibu waya uliokosewa kunahitaji vichwa viwili vipya. Kata pande zote mbili, panga upya, na usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 hivi kabla ya kichwa. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe pamoja, maana waya ukivutwa ni ganda linalopaswa kubeba uzito. Usiulaze sambamba na waya wa umeme juu ya dari, na usiuanike juu ya bati, jua la Mtwara litapasua ganda na unyevunyevu wa pwani utaingia.

Ping ikiendelea kupoteza baada ya hapo, kagua shaba yenyewe. Madukani kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, nyepesi na rahisi, ambazo upinzani wake wa umeme ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, na hukatika ukizikunja mara chache. Kabla ya kulipia boksi zima, omba kipande, kwangua waya kwa kisu. Ukikuta rangi ya fedha ndani, mrudishie muuzaji boksi lake.