Majina ya magonjwa kwa Kiingereza: tunavyoyaelewa na yalivyo kweli

Kiingereza kina maneno ya homa na tauni ambayo ukiyasikia tu mwili unasisimka. Black Death, smallpox, Ebola... na kwa vile tunakutana nayo kwenye vitabu vya shule na kwa madaktari, tunadhani kila jina lilijadiliwa na wataalamu wakalipima vizuri ndo wakalipitisha. Wapi! Mengi ni kukisia na kusingiziana, na mengine yalitoka huku huku kwetu, yakazunguka dunia, afu yakaturudia yamevaa suti na sisi tukayaamkia shikamoo.

"Smallpox imeitwa small kwa sababu haikuwa kali"

Smallpox ndo ndui, na hamna kidogo chochote hapo, aina yake kali iliua karibu watu 3 katika kila 10 walioupata, na waliopona wengi walibaki na uso wa makovu, wengine wakapofuka kabisa. Udogo ulikuwa wa kutofautisha tu. Mwishoni mwa karne ya 15 kaswende ililipuka Ulaya kwa kishindo, na Waingereza wakaiita pox kubwa (pox ni ugonjwa wa vipele), sasa ile pox waliyoizoea ikabidi nayo ipate jina lake, ikawa ndogo. Baadaye kaswende ikapata jina lingine, ile "kubwa" ikasahaulika, "ndogo" ikabaki peke yake inapotosha watu mpaka leo.

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merka, Somalia, Oktoba 1977. Gari lilikuja na watoto wagonjwa, dereva hajui njia, yeye akapanda kumwelekeza, safari ya dakika chache tu basi ikawa imetosha. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani (WHO) wakatangaza ndui imekwisha duniani, na miaka ya baadaye Maalin akawa anazunguka kuhamasisha watu wachanje watoto polio, na akiwa kwenye kazi hiyo hiyo mwaka 2013 akafa kwa malaria. Malaria! Ugonjwa ambao sisi tunauita "kamalaria", tunameza dawa tunaenda kazini.

Chickenpox, yaani tetekuwanga, haitoki kwa kuku. Hao kuku wameingiaje kwenye jina, wenye lugha yao wenyewe bado wanabishana.

"Malaria ni neno la kitaalamu, na ni ugonjwa wa Afrika tangu zamani"

Neno ni la Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya, kwa sababu watu wa Roma waliamini harufu ya mabwawa ndo inayoleta homa. Waingereza walilichukua kwenye karne ya 18, lakini homa yenyewe walikuwa nayo nyumbani siku nyingi, mabwawa ya Kent na Essex yalikuwa yanatetemesha watu kila mwaka, wao wakiita ague. Daktari Mfaransa Laveran aliona kimelea kwenye damu mwaka 1880 akiwa Algeria, daktari Mwingereza Ross akakiona ndani ya mbu mwaka 1897 akiwa India, kwahiyo hewa ikaonekana haina hatia, ila jina hakuna aliyehangaika kulibadilisha. Ukisema malaria leo bado unailaumu hewa.

"Walioiona tauni ya 1348 ndo waliipa jina Black Death"

Hapana. Waingereza wa wakati ule waliandika habari za vifo vikuu, tauni kuu, basi. "Kifo cheusi" kimekuja kuzoeleka kwenye Kiingereza karne ya 19, miaka karibu mia tano baadaye, watu wote wameshazikwa na wajukuu wa wajukuu wao pia. Kwahiyo ile stori ya kwamba jina limetokana na maiti kugeuka nyeusi ni maelezo yaliyotafutwa baadaye. Ni hivyo hivyo na ule wimbo wa Ring-a-ring o' Roses ambao watoto wa inglishi midiamu wanauimba wakizunguka na kuanguka, utaambiwa ni wimbo wa tauni ya London ya 1665, eti kule kupiga chafya kwenye wimbo ndo dalili. Maneno yake yalichapwa Uingereza mara ya kwanza mwaka 1881, hiyo tafsiri ya tauni ikaenea baada ya vita vya pili vya dunia, na kupiga chafya wala si dalili ya tauni ya mitoki.

"Spanish flu ilianzia Hispania"

Hii imeng'ang'ania kweli kweli. Mwaka 1918 nchi zilizokuwa vitani zilibana magazeti yao, habari ya askari kufa kwa mafua ingevunja watu moyo, wakati Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika wazi, mpaka mfalme Alfonso XIII alipougua wakaandika. Dunia ikasoma ugonjwa kutoka Hispania ikaamua ni wa Hispania. Wakati huo kambi ya jeshi ya Funston, Kansas, Marekani, ilikuwa na wagonjwa tangu Machi. Mtu alisema ukweli akabandikwa ugonjwa, ndo malipo yake.

Na mchezo huu Ulaya ni wa kale. Kaswende ile ile, Waingereza waliiita ugonjwa wa Kifaransa, Wafaransa wakasema ni wa Napoli, Warusi wakawatupia Wapolandi. Kila mtu jirani yake ndo mchafu.

"Dengue ni neno la Kizungu, sisi tumelitafsiri tukapata kidingapopo"

Hapa ndo utamu wenyewe, maana inaelekea ni kinyume chake. James Christie, daktari aliyekaa Zanzibar, aliandika kwamba homa ya kuvunja viungo ilipita hapo karibu 1823 na tena 1870, na wenyeji waliiita kidinga pepo. Miaka ya 1827 na 1828 homa ya namna hiyo ikalipuka visiwa vya Karibi, na maelezo yenye nguvu ni kwamba jina lilivuka na watu waliotoka Afrika, likafika kwa wasemaji wa Kihispania ambao tayari walikuwa na neno dengue, yaani kujishaua, kujiringisha. Mgonjwa anatembea mgongo umekakamaa kama bwana harusi, neno likakaa. Waingereza wa huko nao wakaiita dandy fever, homa ya mtanashati. Afu kuna watafiti wanaosema ile homa ya Zanzibar ilikuwa chikungunya, homa nyingine inayoletwa na mbu, sio dengue, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyodumu. Yaani jina tulitoa sisi, likaishia kwa ugonjwa mwingine!

Popo hana kosa. Dar ilipopigwa na dengue 2014 na tena 2019 wapo waliomtazama yule mnyama kwa jicho baya, kumbe ni mbu Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya tairi, ndoo na visahani vya maua hapo hapo kibarazani. Neti ya usiku peke yake haimfikii.

"Chikungunya ni Kiswahili"

Vitabu kibao vya Kiingereza vimeandika hivyo. Ni Kimakonde, kutoka mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za Makonde upande wa Newala, na maana yake ni kile kinachokunja mtu, kwa wagonjwa walivyopinda kwa maumivu. Lamu ilipoingia 2004 robo tatu hivi ya watu waliipata.

"Zika ni ya Brazil, Ebola ni jina la kijiji, Marburg ni jina la Kiafrika"

Zika ni msitu karibu na Entebbe, kirusi kiligunduliwa hapo 1947 kwa nyani wa utafiti, na haihusiani na kuzika ingawa sikio la Mswahili halikubali. Ebola ni mto. Mwaka 1976 kijiji kilichoumia kilikuwa Yambuku, Zaire, ila wataalamu hawakutaka kukichafua jina milele, wakatafuta mto kwenye ramani, na baadaye ikaonekana wala haukuwa ule wa karibu zaidi. Marburg ni mji wa Ujerumani, wafanyakazi wa maabara waliugua 1967 baada ya kushika tumbili waliotoka Uganda, jumla na wa Frankfurt na Belgrade walikuwa 31, wakafa 7. Kwahiyo Kagera 2023 ilipigwa na ugonjwa wenye jina la Kijerumani.

Tangu 2015 WHO wanataka ugonjwa mpya usipewe jina la mahali, mtu wala mnyama. Monkeypox, yaani homa ya nyani, iliyoitwa hivyo kwa sababu tu iligundulika kwa nyani wa maabara Copenhagen 1958, wakati wanaoshukiwa kuihifadhi porini ni panya na jamii yao, ikabadilishwa kuwa mpox Novemba 2022. Marburg na Ebola zimeachwa zilivyo.