Je, wajua? Wauza mairungi ndio walioiangusha sheria ya bangi Uganda

Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya Uganda ya mwaka 2015, aliyekutwa na bangi mfukoni alikabiliwa na faini isiyopungua pointi 500, au kifungo cha miaka 10 hadi 25, au vyote viwili. Mfanyabiashara wake aliweza kufungwa maisha.

Hizo pointi huwababaisha wengi. Sheria za Uganda hukwepa kutaja faini kwa shilingi, maana shilingi hushuka thamani na kurekebisha kila sheria ni kazi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo 500 ni milioni 10. Kijana wa boda pale Kisenyi azitoe wapi? Kwake yeye kuambiwa achague faini au jela ni kuambiwa jela tu.

Sasa njoo kwenye kioja chenyewe. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo yote, na waliokwenda kortini hata hawakuwa watu wa bangi. Walikuwa wakulima na wauzaji wa mairungi wa Wakiso (Wakenya huita miraa), waliochukia mmea wao kutiwa kapu moja na bangi. Kesi waliifungua 2017. Kilichowapa ushindi si ubishi kama majani yale yanadhuru au hayadhuru, bali hesabu ya wabunge: siku muswada unapitishwa, mwishoni mwa 2014, akidi haikuthibitishwa kutimia. Katiba inataka theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura wawepo wakati wa kura. Wakipungua hapo, hata waliomo wakiitikia "ndiyo" kwa sauti moja, kura hiyo ni bure.

Furaha ya watu wa Wakiso haikutimiza miezi minne. Agosti 2023 Bunge lilipitisha muswada mpya, ambao baadaye ukawa sheria. Njaga, yaani bangi, bado ni haramu, na mairungi, iliyoleta kesi yote ile, imo humo humo. Mlango uliobaki wazi ni leseni ya serikali kwa kilimo cha tiba. Huko Kasese, kwa mfano, bangi imewahi kulimwa kwa kibali ili iuzwe ng'ambo kutengenezea dawa.