Funza si laana

Tangu zamani husemwa kwamba mwenye funza amerogwa, au ukoo wake una laana. Si kweli, na maneno hayo yamewafanya watoto wengi waone aibu kwenda shule.

Funza, au tekenya, ni kiroboto mdogo wa milimita moja hivi. Asili yake ni Amerika. Alifika Angola kwa meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, kisha misafara ikamsambaza hadi kwetu. Jike hujichimbia kwenye ngozi, hasa pembeni mwa kucha za miguu. Ukitazama kwa karibu utaona uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati: hapo ndipo anapopumulia na kutolea mayai. Mayai huanguka kwenye vumbi na kuanguliwa humo humo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni sakafu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na ukiweza siliba au weka saruji. Kagua pia miguu ya mbwa na nguruwe. Kumchokoa kwa pini inayozungushwa nyumba nzima ni hatari, huleta pepopunda. Zahanati wakiwa na mafuta ya dimetikoni, hayo humwua bila kuchokoa.