Usukani wa gemu: maneno ya vijiweni na ukweli wake

Usukani mpya wa gemu za magari si kitu cha kila mfuko hapa Mwanza. Wengi wanaanza na uliotumika, mara nyingi Logitech G27 au G29 iliyokwisha kupita mikono kadhaa, halafu wanaanza kuulizana namna ya kuuboresha. Majibu hayakosekani. Mengine yamerudiwa sana, kuanzia Kirumba hadi Igoma, mpaka yakachukuliwa kuwa sheria. Nimechagua yale yanayowala watu pesa, na mawili yanayoweza kumuumiza mtu.

"Anza na mota. Usukani ukiwa na nguvu ndipo utashinda."

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo ninayoipinga kwa moyo wote. (Mota ndizo zilizomo ndani ya usukani, zinazousukuma mikononi mwako ili uhisi barabara.) Kwenye mbio, sekunde nyingi hupotea mguuni. Anayekanyaga breki mapema mno, au anayeikanyaga ghafla mpaka matairi yakakwama, atapitwa tu hata kama mikono yake ni ya dhahabu.

Breki za gari halisi zinaendeshwa kwa mafuta ya breki. Pedali ikishakaza, kinachoongeza breki ni msukumo wa mguu. Pedali yenyewe haishuki tena kwa kiasi cha maana. Pedali za gemu za bei ya kawaida zinafanya kinyume: ndani yake kuna potenshomita, ndugu yake yule anayeongeza na kupunguza sauti ya redio, na kazi yake ni kupima pedali imeshuka kiasi gani. Mguu una kumbukumbu nzuri ya msukumo, lakini kukumbuka umbali wa milimita chache unashindwa. Ndiyo maana leo unaingia kona vizuri na kesho, kona ileile, unaishia kwenye kokoto.

Tiba ya kwanza ni ya bei ya bure: kipande cha mpira wa tyubu, ule wa kutengenezea manati, ukikunje na kukiweka mahali ambapo pedali ya breki itakigandamiza inapokaribia mwisho. (G29 inakuja tayari na kipande cha mpira ndani ya springi ya breki, na wapo wanaokitoa kwa kudai breki ni ngumu. Wanatupa kitu kizuri kuliko vyote kilichomo kwenye hizo pedali.) Ukishaweka mpira, pedali haitafika tena mwisho wake wa zamani. Ingia kwenye mipangilio ya gemu upunguze ukomo wa breki, la sivyo hutapata breki kamili hata ukisimama juu yake.

Tiba ya pili ni kupima msukumo wenyewe, na vifaa vyake vimo ndani ya mizani ya kidijitali ya bafuni iliyokufa kioo. Nyingi zina sensa nne za uzito, moja kila pembe, kila moja ikiwa na nyaya tatu. Sensa mbili zikiunganishwa hufanya mzunguko mmoja kamili. Ishara yake ni ndogo mno kusomwa moja kwa moja, kwa hiyo inapitia kwenye chipu ya HX711 inayoikuza na kuigeuza kuwa namba.

Hapa ndipo wengi wanakwama, kisha wanalaumu sensa. HX711 ina kasi mbili, vipimo 10 kwa sekunde au 80, na bodi nyingi za bei rahisi zinakuja zimefungwa kwenye 10. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa linakula mita 50 kila sekunde, yaani mita 5 kati ya kipimo kimoja na kinachofuata. Ukihamisha mguu wa chipu ulioandikwa RATE kutoka hasi kwenda chanya unapata vipimo 80, na pengo linashuka hadi sentimita 60 na ushee. Kazi ya dakika chache kwa mwenye mkono mtulivu.

Breki ngumu inataka pia kitu cha kuishikilia. Pedali zilizowekwa kwenye vigae zitakimbilia ukutani kila ukikanyaga. Fundi yeyote wa kuchomelea atakutengenezea fremu ya bomba za pembe nne inayounganisha kiti na pedali. Mwambie aache matundu ya kusogeza, kwa sababu urefu wa miguu haulingani.

"Pedali inarukaruka, imekufa. Tafuta nyingine."

Mara nyingi haijafa, imechafuka. Ndani ya potenshomita kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi likiingia, na vumbi la kiangazi wakazi wa Mwanza mnalijua, kidole kinaruka na gari kwenye skrini linashika breki lenyewe. Pima kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi: miguu miwili ya nje lazima isome namba ileile daima, na wa katikati upande na kushuka taratibu bila kuruka. Namba ikiruka, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, sogeza pedali mara nyingi, acha ikauke.

Petroli usitumie. Inaharibu baadhi ya plastiki, na mvuke wake unashika moto. WD-40 ya kawaida nayo inaacha mafuta yanayokamata vumbi jipya. Griisi ya magari kwenye gia za plastiki ni kosa la ukoo huohuo. Tafuta ya silikoni au nyingine iliyoandikwa kuwa salama kwa plastiki.

Kama njia ya kaboni imelika kabisa, badilisha kwa sensa ya Hall, inayosoma sumaku bila kugusana na chochote. Hakuna cha kusuguana, kwa hiyo hakuna cha kulika. Angalia tu volti ambazo bodi ya pedali inatoa zinaendana na za sensa.

"Funga usukani wa gari halisi, utahisi barabara vizuri zaidi."

Utahisi kidogo zaidi, yaani pungufu. Mota za G29 zinatoa takribani nyutonimita 2, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Usukani wake una kipenyo cha karibu sentimita 28, kwa hiyo mkono wako ukingoni unapata kama nyutoni 14. Weka usukani wa gari wa sentimita 38, na mota zilezile zinakupa nyutoni 10 na nusu. Umepoteza zaidi ya robo, na juu yake umeongeza uzito ambao mota lazima ziuzungushe kabla hujahisi tetemeko lolote. Kwa gemu za malori ni sawa, kwa sababu lori linataka usukani mpana na halina haraka. Kwa mbio chukua mwepesi, usiozidi sentimita 30 kwa mota ndogo kama hizi.

Lakini la hatari ni jingine. Usukani unaotoka kwenye gari lililochinjwa unaweza kuwa bado na mfuko wa hewa wa usalama, eabegi, katikati. Ndani yake mna kilipuzi kinachojaza mfuko ule kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hakihitaji gari ili kifanye kazi. Umeme kidogo tu unatosha. Wapo wanaochomeka multimita kwenye waya zake "kuona kama bado ni mzima". Multimita inapopima ukinzani inatuma umeme. Mwambie muuzaji eabegi itolewe na fundi wa magari anayeijua kazi hiyo, au ununue usukani usionao.

"Ongeza volti kwenye adapta, nguvu itaongezeka."

Itaongezeka, kisha kutakuwa na harufu. G29 inatumia volti 24. Ukiipa 30, usukani unapobanwa kwenye kona umeme kwenye mota unaongezeka kwa robo, lakini joto linapanda kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa joto linafuata kipeo cha pili cha umeme. Transista zinazoendesha mota ndizo huondoka mwanzo. Kama usukani uliletwa kutoka nje, soma kwanza maandishi ya adapta: 100–240V haina shida, ila ya 100V au 120V pekee haitasalimika kwenye 230 za TANESCO.

"Usukani wa kujitengenezea utaingia hata PlayStation."

Kwenye kompyuta, ndiyo. Arduino Leonardo au Pro Micro, bodi ndogo za kupangiwa programu zenye chipu ya ATmega32U4, zinajitambulisha kupitia USB kama kifaa cha gemu, na Windows inazipokea bila maswali. Arduino Uno ya kawaida haina uwezo huo moja kwa moja, kwa hiyo usinunue kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. PS4 na PS5 ni hadithi nyingine: zinakagua utambulisho wa kifaa, na kisichojulikana kinaachwa nje. Hata G27, iliyotengenezwa na kampuni yenye jina, PS4 haiitambui. G29 inakubalika kwenye PS5 kwa gemu zinazoiruhusu, Gran Turismo 7 ikiwamo.

"Moshi wa risasi ya kulehemu ndio sumu."

Risasi ya kawaida ya kulehemu inayeyuka kwenye nyuzi 183, wakati madini ya risasi yanachemka baada ya nyuzi 1,700. Pasi yako ya kulehemu haifiki huko. Moshi unaouona unatoka kwenye utomvu uliomo ndani ya waya, nao unakwaza mapafu, hasa ya mwenye pumu, kwa hiyo fungua dirisha upepo wa ziwani uingie. Risasi yenyewe inapita kwenye vidole kwenda mdomoni. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ugali na sato, na usilehemu kwenye meza ya chakula cha watoto.